Koja la Mtu Aliye Hai

Mimi ni mwoga, nasema mapema, asije mtu akanitarajia ushujaa nikifika katikati. Naogopa lifti ya jengo letu la Ladywood, naogopa bahasha za kahawia, naogopa simu inayoita kabla sijanywa chai. Kwetu Unguja walikuwa wakinicheka kwa hilo, na mimi nikiwajibu kwa methali yangu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nikiiamini kabisa. Sasa najua kuwa mwoga naye anaweza kuleta kilio, tena akapanda na ngazi kukitundika.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika ukumbi mmoja wa Kings Heath, nyuma ya barabara ya maduka. Wazee wetu wengi asili yao ni Kachi, ile sehemu ya Gujarati iliyo magharibi kabisa ya India, lakini walifika Birmingham kwa kuzunguka. Wengine walizaliwa Mombasa, wengine walikuwa na maduka Kampala, wengine walisoma Dar es Salaam. Kwenye usaili nilitetemeka kwa sababu ya Kiingereza changu. Siku ya kwanza ya kazi bibi mmoja aliutazama mtandio wangu, akanambia, "Veve leta chai, sukari kidogo," nikahisi niko madukani Darajani, kwetu Unguja.

Ukumbi ule una ukuta wa watu mashuhuri wa Kachi. Zilikuwa picha kumi, kila moja ndani ya fremu ya mbao nyeusi, zimepangwa kutoka mlango wa jiko mpaka dirishani. Kazi ya kuzipangusa walinipa mimi, kila Alhamisi, na mwanzo niliiogopa nayo. Watu kumi wanakutazama wewe na kitambaa chako, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Juu ya kila picha palikuwa na koja lililoshuka pande mbili za fremu, si la maua mabichi bali la maranda ya sandali yaliyokunjwa kwa ustadi yakawa vijiua. Nilikuwa nikiyapangusa kwa brashi kavu, mojamoja, na yalikuwa yakinukia liwa, sandali ile ile ya kusingia maharusi kwetu.

Harufu hiyo ndiyo iliyonipoteza. Mtu wa Unguja akisikia liwa anamuona bibi harusi aliyefichwa ndani, amesingwa, mikono ina hina. Na koja kwetu ni la shingo ya bwana harusi, au la mgeni aliyerudi Hija. Kwa hiyo nilipoona makoja kumi nilijua maana yake, au nilidhani najua: hawa ni watu wa heshima, na wamevishwa heshima yao. Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na kila siku tunanyamaza tusije tukaonekana wajinga.

Aliyenijulisha na wale kumi ni mzee mmoja aliyekuwa fundi mwashi. Alizaliwa Mombasa, akajenga nyumba huko mpaka mvi zikamtoka, akaja kujenga hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita hasa, na akinisikia nakosea neno la kwao alinicheka. Mimi nikimwita Babu, yeye akiniita mwanangu. Mfukoni mwa koti lake, pamoja na leso na vidonge, alikuwa na timazi ya shaba, ile ya kufunga uzi na kuning'iniza ili kujua kama ukuta umesimama wima.

"Jicho lakudanganya, mwanangu," alinambia Alhamisi moja, akiushika uzi mbele ya fremu niliyoirudisha vibaya. "Uzi haudanganyi. Sogeza kushoto. Kidogo. Hapo."

Ndipo akaanza kunisimulia. Nahodha mwenye kilemba, alisema, eti alizijua nyota zote kwa majina, lakini babu wa huyu mwashi wetu alisikia kwa wazee kuwa aliyezijua ni baharia wake Mswahili, nahodha alikuwa akinywa kahawa. Yule mama mwenye mafunguo hakuwa malkia kama ilivyoandikwa chini ya picha. Alikuwa mjane wa mtoto wa mfalme, na mwaka wa njaa alifungua ghala la nafaka bila ruhusa, shemeji zake wasimsemeze tena mpaka alipokufa. Palikuwa na mwalimu aliyefundisha wasichana kusoma uani kwake huku majirani wakidhani wanapepeta mchele. Palikuwa na fundi wa kutarizi aliyepofuka uzeeni akaendelea kutarizi kwa vidole, na mcheza kriketi ambaye, kwa mujibu wa Babu, alipiga mpira mmoja tu mzuri maishani, ila bahati yake mfalme alikuwa akitazama.

"Mtu huwa mashuhuri kwa siku moja," alisema. "Siku zake nyingine zote alikuwa akila, akilala na kugombana na mkewe."

Yeye mwenyewe alikuwa na siku yake. Zamani, lilipotokea tetemeko kubwa la ardhi kule Kachi, tayari alikuwa amestaafu. Alifunga mwiko wake ndani ya taulo, akapanda ndege, akakaa miaka miwili akijenga shule pamoja na wanawake wa kijiji ambao hawakuwahi kushika tofali. Shule ile haijapata ufa hadi leo, na kule jina lake wanawapa watoto. Basi wakubwa wa ukumbi wakaamua ukuta unahitaji mtu wa siku hizi, wakaichukua picha yake akiwa juu ya jukwaa la miti la ujenzi na mwiko mkononi, wakaitia fremu nyeusi. Waliitundika siku ya Ijumaa, akawa wa kumi na moja. Alikunja uso, akalalamika kuwa pale ni pahala pa watu wazito, halafu nikamuona amerudi peke yake kuitazama mara ya pili.

Jumanne iliyofuata alikuwa na miadi ya kupasuliwa moyo. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umechakaa na ilibidi ubadilishwe. Miaka yake ni themanini na tatu, na madaktari hawakumficha kuwa anaweza asiamke. Hili alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya saruji, na mimi niliogopa mpaka kikombe nilichokuwa nakiosha kikanitoka.

Nilipoona picha yake haina koja, nilidhani wamesahau. Nikasema moyoni, Jumanne mzee huyu anakwenda kulazwa juu ya meza, na wenzake wote wamevishwa ila yeye. Jumamosi nikapanda basi mpaka Handsworth, kwenye duka linalouza vitu vyao vya ibada, nikaomba koja la sandali. Muuzaji aliniuliza kama ni la baba yangu. Nikamjibu, kama baba. Aliinamisha kichwa, akalifunga kwa karatasi laini polepole sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikasema moyoni, watu wa duka hili wana adabu.

Jumanne nilifika mapema kuliko wote. Nilipanda ngazi, nikalivisha, nikashuka nikatazama. Upande mmoja ulikuwa umeshuka zaidi. Nikapanda tena na kipande cha uzi na ufunguo wa mlango, nikapima kama alivyonifundisha, mpaka ncha mbili zikawa sawasawa. Nilimuombea dua pale pale juu ya ngazi. Nilifurahi, na nilijihisi mtu mwema.

Kibasi cha wazee kilifika saa nne. Sikumtarajia mke wa Babu, maana mumewe alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Lakini walimwambia asisubiri hospitali, na nyumbani hakuweza kukaa peke yake, akaona bora aje asali na wanawake wenzake. Aliingia ameshika kopo lake la chakula. Alitazama ukutani. Kopo halikuanguka, wala hakulia. Alivuta kiti cha karibu akakaa, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakasimama pale pale mlangoni, mmoja amejiziba mdomo kwa ncha ya sari.

Nilimkimbilia na maji. Alinitazama, akaniuliza polepole, "Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini, Bibi?"

"Hospitali. Saa ngapi napiga simu hapa?"

Nikamwambia hospitali haijapiga simu.

"Sasa nani nasema kwako mzee nakufa?"

Nilimwambia hapana aliyesema, Bibi, hajafa, Babu hajafa. Akanyoosha kidole ukutani. "Kama hapana kufa, kwa nini veve navisha picha?"

Ndivyo nilivyojua. Kwao mtu aliye hai huvishwa koja shingoni, na Babu mwenyewe alivishwa siku ya kufungua ile shule. Picha haivishwi mpaka mwenyewe awe ameondoka duniani. Koja juu ya picha ni habari. Mtu akiingia nyumba yoyote ya kwao akaliona, haulizi tena, anaanza kutoa pole. Niliwatazama wale kumi. Nilijua siku zote kuwa wote wamekufa, wa mwisho wao alikufa mimi sijazaliwa, na muda wote ule sikuwahi kuona kuwa mzee wangu alikuwa hai peke yake ukutani.

Meneja alilitoa koja. Ni binti aliyezaliwa hapa hapa Birmingham, si mtu mbaya, lakini uso wake ulikuwa mweupe na hakuniangalia. Alitaka kulitia kwenye pipa. Mke wa Babu akainuka kwa kasi ambayo sikuijua, akampokonya, akalikunja akalitia ndani ya mkoba wake. Halafu akapiga simu hospitali. Aliambiwa bado yumo ndani na kazi imekuwa ndefu kuliko walivyodhani.

Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kings Heath mpaka Ladywood, kwa sababu niliogopa kukaa karibu na watu ndani ya basi. Jirani yangu, Msomali aliyelelewa Eastleigh kule Nairobi, alinikuta mlangoni nikihangaika na ufunguo. Nilimmwagia yote.

"Wallahi hiyo si mchezo," alisema. "Umewekea mzee maua ya maiti na yeye ako theatre?"

"Sikujua."

"Najua hukujua. But bibi yake anajuaje?" Akanivua koti kama mtoto, akanikalisha. "Skiza, dada. Maua haiuwi mtu. Siku ya mtu ikifika imefika. Wewe si Muislamu?"

Mimi ni Muislamu, na naamini ajali ya mtu, siku yake ya kufa, imeandikwa kabla hajazaliwa. Nilijisomea hilo kwa sauti huku nikitembea chumbani. Lakini pia ni mtu wa Unguja. Nimelelewa na bibi asiyekubali mtoto alale chali kanyosha mikono, asiyekubali mtu apimwe urefu kwa kamba akiwa amelala, kama maiti. Ingekuwa mtu kampikia mume wangu chakula cha hitima hali mume mwenyewe yuko msalani anaoga, ningemwelewa? Ningemfukuza na sufuria lake. Kwa hiyo nililala na imani yangu upande mmoja na hofu upande wa pili, na hofu ndiyo iliyochukua blanketi.

Babu alitoka chumba cha upasuaji hai, lakini hakuamka. Siku ya kwanza walisema ni dawa. Siku ya pili walisema figo zimechoka. Siku ya tatu walisema tusubiri, na ndiyo siku nilipokumbuka kuwa kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa na kazi ile, na kwamba meneja akitaka anaweza kuniandikia barua ya kunifukuza. Nilishangaa jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo mbele ya lile la Babu. Niliendelea kwenda kazini, nikagawa chai, nikapangusa picha kumi. Mahali pa ya kumi na moja palibaki msumari, maana mke wa Babu alikuwa ametuma mtu kuichukua. Wazee hawakunigombeza. Bibi wa sukari kidogo alianza kujichukulia chai mwenyewe, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Kila simu ilipoita ukumbini, nilifunga bomba nikatega sikio. Niliogopa Babu atakufa, na niliogopa nitaishi miaka yangu yote nikijua nilimtangulizia. Niliomba Mungu amwamshe hata kama atanichukia. Siku ya sita meneja alikuja jikoni akasema ameamka, ameomba maji, na amelalamika kuwa dari la wodi limepinda. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko nikalia mbele yake bila haya.

Majuma manne baadaye niliitwa nyumbani kwa Babu, Hodge Hill. Sikujua kwa nini naitwa kwa sababu sikuambiwa. Nilikaanga visheti, nikabadilisha mabasi mawili, na njia nzima nilitafuta maneno ya kuomba radhi na nisiyapate. Niliogopa atakuwa amekonda. Alikuwa amekonda. Alikaa karibu na dirisha la mbele, shali mabegani, na shingo yake imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wewe wataka kuniua kabla ya daktari?"

Nilipiga magoti nikashika mkono wake. Nilimwambia nilidhani ni heshima, nilidhani wamekusahau, nisamehe, Babu. Aliuacha mkono wake ndani ya mikono yangu.

"Hukukosa akili," alisema. "Ulitizama ukuta ukauamini. Ni mimi niliyekubali kukaa baraza moja na maiti." Akavuta pumzi. "Mke wangu alinambia nilipoamka. Nikaogopa, mwanangu. Miaka yote nimepanda majukwaa ya miti, sikuogopa. Nikaogopa maranda."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema anaogopa, na ikanitisha zaidi ya ile shingo yake nyembamba.

Mkewe aliingia na chai. Hakuwa amenisemesha tangu alipofungua mlango. Aliweka vikombe, akaenda chumba cha pili, akarudi na kitu cha bapa kilichofungwa shuka, na mkoba wake. Aliviweka mbele yangu, juu ya zulia. Kisha akakaa, akaanza kueleza, na ilikuwa wazi kuwa wamelijadili jambo hili wawili mpaka likaisha.

Picha haiwezi kurudi ukumbini, alisema, watu wameshaiona na koja. Nyumbani kwake hataki kuiona, akipita anaiona imevishwa hata kama haijavishwa. Koja hawezi kulitupa. Kitu alichovishwa mumewe, kwa makosa au kwa haki, hakitupwi jaani, kukitupa ni kumtupa yeye. Na kulitia mtoni mumewe akiwa hai ndiyo mbaya zaidi, huko ndiko yanakopelekwa ya wafu. "Mimi hapana veza kaa na hii," alisema. "Hapana veza tupa. Veve nalileta. Veve kaa nalo."

"Mpaka lini, Bibi?" niliuliza, na nilipouliza tu nikajua jibu.

Yeye alitazama chai yake. Aliyejibu ni Babu. "Mpaka siku yangu. Siku hiyo utakwenda ukumbini, utaitundika kwenye msumari wake, utaivika. Wewe, si mtu mwingine. Wengine wataipindisha."

"Babu, siwezi."

"Veve naveza," alisema mkewe, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama machoni. "Mimi naona ile siku. Pande mbili sawasawa."

Nilirudi Ladywood na mzigo ule mapajani, ndani ya basi lililojaa, nikiukinga kila dereva alipofunga breki. Picha nimeiweka chumbani kwangu, nyuma ya makoti, uso umeelekea ukutani. Koja nimelitia kwenye droo ya jikoni, chumba kingine kabisa, nimeweka milango miwili kati yavyo ili visionane. Jirani yangu anacheka kila akija kuomba chumvi, lakini naye ile droo haifungui. Nyumba inanukia liwa siku ya joto.

Babu hupiga simu kila Jumapili saa tatu asubuhi. Hana maneno mengi, pumzi haimtoshi. Husema, "Mwanangu, bado sijawa mtu mashuhuri," nami hucheka, tunaagana. Simu ya Hodge Hill ikiita siku nyingine yoyote huwa siipokei mpaka nimekaa kitako.

Jumapili iliyopita saa tatu ilipita. Ikafika na nusu. Nilifua kitambaa ambacho hakikuwa kichafu. Saa nne simu iliita, namba yao, nikanyoosha mkono kuipokea na nikaona mkono haupo huru. Nilikuwa nimesimama jikoni, droo iko wazi, na koja nimelishika, nimeshalinyoosha, ncha mbili sawasawa.

"Mwanangu," alisema, "betri ilikwisha."